Peugeot ya Babu: Agosti Diani, Septemba Ngong

Gari la zamani likikaa sana huoza. Nimefundisha ufundi wa magari zaidi ya nusu ya maisha yangu, na hili ndilo jambo ambalo wenye magari ya kale hawapendi kulisikia, hasa wastaafu wenzangu wanaolifunika gari kwa turubai wakingojea siku ya maonyesho. Mpira wa breki usipofanya kazi hukauka ukashikana na chuma. Petroli iliyolala ndani ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, huvukia, ikaacha utando unaoziba jeti, yale matundu madogo ya kupitishia petroli. Oili hushuka yote chini, na sili zikikosa mafuta hunyauka, zikaanza kuvuja siku ile ile ulipotaka watu walione gari lako. Gari linalotembea kila juma huugua pia, lakini huugua mbele ya macho yako, ukaliwahi.

Kwa hiyo mwaka huu, familia ilipokubaliana kukutana pwani mwezi wa Agosti, nilisema mapema kwamba Peugeot nayo inakwenda. Watoto walikuwa na mpango mwingine. Kijana wangu alitaka tukodi basi dogo lenye kiyoyozi, tujae humo sote, tufike tukiwa hatujachoka. Binti yangu mkubwa, anayeishi Toronto, akaniuliza kwa upole kwenye simu, "Baba, hiyo gari bado inafika Mombasa?" Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ndiyo iliyokutoa hospitali ukaja nyumbani ulipozaliwa. Itafika." Mjadala ukaishia hapo, ingawa mama yao alisema yeye na wajukuu wadogo watapanda treni, na hakuna aliyembishia. Tangu reli mpya ianze kubeba abiria mwaka 2017, mke wangu hana tena hamu na Barabara ya Mombasa.

Agosti ndiyo iliyotufaa wote. Huko Kanada ni kiangazi na shule zao zimefungwa hadi Septemba. Huku kwetu shule nazo hufunga. Kwa hiyo wajukuu wa pande zote mbili wana nafasi kwa wakati mmoja, na nafasi kama hiyo haiji mara mbili kwa mwaka.

Gari lenyewe ni 504 stesheni wagoni ya mwaka 1982, yenye safu tatu za viti, na namba ya usajili ya mtindo wa zamani isiyo na herufi mwishoni. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Kabla ya Nissan za matatu kuenea, hii ndiyo iliyokuwa gari ya mtu mwenye haraka. Ukiwa na msiba Kisumu au harusi Nyeri, ulikwenda stendi ukatafuta Peugeot, ukakaa ukingoja abiria wa saba. Ilitoka kiwandani Ufaransa mara ya kwanza mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatangazwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Wafaransa waliacha kutengeneza sedani yake mwaka 1983, lakini hapa Kenya iliendelea kuunganishwa kwa miaka mingi baada ya hapo. Ukiinama nyuma ya hii ya stesheni wagoni utaona springi nne, mbili kila upande, na hapo utaelewa kwa nini ilibeba magunia, mbuzi na bibi harusi bila kulalamika.

Kisha kuna Safari. Nilipokuwa kijana wa shule Mombasa, Pasaka ilikuwa ni Safari Rally, yale mashindano ya magari. Hatukuwa na televisheni. Tulijazana barazani kwa jirani mwenye redio kubwa, na mwaka 1975, Ove Andersson aliposhinda kwa Peugeot 504, mtaa mzima ulishangilia kama kwamba gari lile lilikuwa la mmoja wetu. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504, ile kupe ya V6. Hata hivyo shujaa wetu hasa alikuwa Joginder Singh, Simba wa Kenya. Alishinda mara tatu, na ushindi wake wa kwanza, wa mwaka 1965, aliupata kwa Volvo iliyokwisha kutumika, akiwa na ndugu yake Jaswant ubavuni. Wanafunzi wangu wote wa ufundi niliwaeleza habari ile: gari lililotumika, likiwa mikononi mwa anayelijua, liliwapita mapya.

Sasa matayarisho, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Kijana wangu alikuwa amenitengea fedha za kupiga rangi upya, kwa sababu Septemba tungeingia kwenye maonyesho ya Nairobi. Nilimshukuru, nikamwomba fedha zile zile zinunue vitu visivyoonekana. Rangi ya gari hili imepauka kidogo kwenye paa na mlango mmoja una alama, lakini hakuna mtu aliyewahi kufa kwa sababu ya rangi.

Nilianza na breki. Za mbele ni diski, za nyuma ni ngoma. Nilibadilisha mipira yote, nikamwaga mafuta ya breki ya zamani na kutia mapya. Watu hawajui kwamba mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani. Yakikaa miaka hubeba maji ndani yake, na breki zikipata moto yale maji huchemka, pedali ikazama mguuni. Halafu tairi. Zangu zilikuwa na meno mazuri, kwa sababu gari halikuwa likitembea sana, lakini uzee wa tairi hauko kwenye meno. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Nilizisoma, nikanunua mpya. Nilifunga pia mikanda kwenye viti vyote vya nyuma, hadi safu ya tatu, maana wajukuu ndio watakaokaa huko.

Mfumo wa kupoza injini ndio uliochukua muda mrefu. Injini hii ina bloku ya chuma na silinda hedi ya aluminiamu. Ukiipasha joto kupita kiasi mara moja tu, hedi hupinda, na safari yako imekwisha. Nilizibua rejeta, nikabadilisha hozi zote hata zile zilizoonekana nzima, nikaweka kifuniko kipya cha rejeta. Kifuniko hicho kidogo wengi hukidharau. Nairobi, kwa ule urefu wake wa karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi. Kifuniko chenye springi nzima huyabana maji yakapata nafasi ya kupanda joto bila kuchemka, na kilicholegea hukuachia uchemke njiani.

Feni ya 504 nayo ina akili yake. Haizunguki wakati wote. Ina klachi ya sumaku inayoshika joto likipanda na kuachia likishuka, na umeme wake hupita kwenye kaboni ndogo isiyozidi ncha ya kidole. Kaboni ikiisha, feni haishiki. Wako mafundi wanaokata shauri na kuifunga kwa boliti izunguke moja kwa moja. Mimi nilibadilisha kaboni. Kitu kilichobuniwa vizuri namna ile kinastahili kuachwa kifanye kazi yake.

Mwisho kabureta. Hewa ya pwani ni nzito kuliko ya Nairobi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa vizuri Nairobi, ukiifikisha Mombasa, huipa injini petroli kidogo kuliko hewa inayoingia, na injini inayokosa petroli huchemka haraka. Nilirudisha jeti ya kiwandani, iliyo kubwa kidogo, na nikabeba bisibisi ya kumalizia marekebisho tukifika Voi.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Mbele nilikaa na mjukuu wangu wa Toronto, msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye Kiswahili chake ni cha kusikia zaidi kuliko kusema. Nilimpa kazi moja: aangalie geji ya joto, na mshale ukipita alama niliyoibandika kwa utepe, aseme. Kutoka Athi River hadi Emali alikuwa hasemi neno, macho kwenye mshale. Malori yalikuwa mengi kama kawaida ya barabara ile, nami nilikwenda kilomita 80 kwa saa nikiwaachia njia wenye haraka. Karibu na Kibwezi, kwenye mlima mdogo nyuma ya lori la simenti, akapaza sauti: "Babu, imepanda!" Kabla sijajibu tukasikia mlio mdogo wa feni kushika, kisha uvumi wake. Mshale ukatulia, ukaanza kurudi. Akanitazama. Nikamwambia, "Umesikia? Hiyo ndiyo kaboni." Tangu hapo alikuwa akiisikia kabla yangu.

Mtito Andei nilimwachia kijana wangu usukani. Hili nalo nilijifundisha nilipostaafu: kumwachia mtu mzima usukani na kunyamaza. Anaendesha vizuri. Gia ya 504 iko kwenye shina la usukani, na yeye alijifunzia hapo hapo akiwa na miaka kumi na minane. Mkono wake haukusahau. Nami kwa kukaa upande wa abiria niliona vitu ambavyo dereva havioni: mibuyu inayoanza kujitokeza, udongo unaogeuka mwekundu kuelekea Voi, tembo wawili mbali upande wa Tsavo, ambao wajukuu waliwaona kabla ya sisi wote.

Mackinnon Road tulisimama msikitini, kwenye kaburi la Seyyid Baghali, kama wanavyofanya madereva wengi wa njia ile. Tukasali, tukatoa sadaka, wajukuu wakanyoosha miguu. Tangu Voi nilikuwa nimeshaifungua kidogo skrubu ya kabureta, na injini ilikuwa inapumua vizuri. Ukishuka Mariakani hewa inabadilika, unaihisi shingoni. Siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu inayokupitisha kutoka Miritini hadi ng'ambo ya kusini bila kugusa feri, na mwenye haraka afuate hiyo. Sisi tulipitia Likoni kwa sababu watoto walitaka kupanda feri, na mimi pia nilitaka.

Diani tulikodi nyumba yenye jiko, si hoteli. Familia ikikaa hotelini kila mmoja huishia chumbani kwake na simu yake. Nyumba yenye jiko moja inawalazimisha watu kukutana. Kuhusu fedha tulizungumza waziwazi miezi miwili kabla. Nilisema pensheni yangu inaweza kulipa petroli ya Peugeot na samaki wa kila siku. Kodi ya nyumba wakaigawana watoto kila mmoja kwa uwezo wake, na mkamwana wangu, ambaye ana mkono mzuri wa hesabu, akawa mhazini. Nawashauri wastaafu wenzangu mlifanye hili bila haya. Watoto wengi hawajui baba ana nini, na baba wengi hujinyima kimya kimya ili waonekane bado wanaweza, halafu furaha ya safari inageuka kuwa deni la Oktoba.

Agosti upepo ni wa kusi. Bahari ina mawimbi nje ya mwamba, maji si ya joto kama ya Februari, na mwani hutupwa ufukweni kwa wingi. Wageni wengine hukasirika wakiuona, lakini sisi tuliozaliwa huku tunajua ni majira tu. Niliwaomba watoto wachague siku zetu kwa kuangalia mwezi. Tulifika karibu na mwezi mpevu, wakati wa bamvua, na hapa kwetu siku za bamvua maji hupwa yakaisha kabisa kati ya saa nne na saa tano za asubuhi. Ufukwe hurefuka, mwamba hutokeza, na watoto wanaweza kutembea juu ya vidimbwi wakaona jongoo bahari, viti vya pweza, kaa wadogo na samaki wa rangi walionaswa hadi maji yatakaporudi. Ukija siku za maji mafu hutayaona hayo yote. Utakuta maji yamesimama katikati, hayajai sana wala hayapwi sana.

Kila siku maji huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Mjukuu yule wa geji akashika na hilo. Siku ya tatu alikuwa anawatangazia wenzake ukutani kwa chaki: maji yatapwa saa ngapi, yatajaa saa ngapi, nani avae viatu vya mpira. Viatu ni lazima, kwa sababu ya wale viumbe wa miiba myeusi wanaojificha kwenye mashimo ya mwamba. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akitoka na ngalawa, alisimama akausoma ule ubao, akamwambia, "Bibi, umepatia. Lakini kesho kusi itavuma, ongeza robo saa." Akaongeza. Nilifurahi kuliko siku aliponitumia cheti chake cha shule.

Asubuhi ilikuwa ya mahamri na mbaazi, jioni samaki wa kupaka aliyechomwa na mke wangu, ambaye hakumruhusu mtu mwingine kushika tui. Mbega walipita juu yetu kwenye zile ngazi za kamba zilizotundikwa barabarani Diani ili wasigongwe na magari. Watoto wangu, ambao kwa kawaida huzungumza kwa ujumbe wa simu, walikaa barazani hadi usiku wakikumbushana mambo ya nyumba tuliyoishi zamani. Sina haja ya kueleza zaidi. Kila mwenye familia anajua.

Gari nililiegesha nyuma ya nyumba, ng'ambo ya upepo. Kusi inatoka baharini, na ukiacha gari upande wa bahari, asubuhi utafuta kioo na kidole chako kitakuwa na chumvi. Chumvi hiyo hiyo iko kwenye maungio ya milango na chini ya bodi. Kila jioni tulimwaga maji baridi ya kisima cha maji tamu chini ya gari, hasa kwenye matao ya tairi na pembeni mwa mabomba ya breki. Kuliendesha mchangani sikukubali kabisa, ijapokuwa picha ingependeza.

Jambo lililonipa moyo zaidi lilitokea chini ya mwembe wa nyumba ile. Injini ilikuwa ikisita kidogo inapowaka asubuhi, nikafungua kifuniko cha distribyuta kuangalia pointi. Wajukuu wakajaa. Nikawaonyesha vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana, na nikawaeleza kwamba kila vinapoachana ndipo cheche inaruka kwenye plagi. Nafasi kati yake inatakiwa iwe milimita 0.4. Nikampa yule msichana kipimo, ile mikanda myembamba ya chuma iliyokunjwa kama kisu cha mfukoni, nikamwambia atafute iliyoandikwa 0.40, aipitishe katikati. Ikipita bila kugusa, ni pana. Ikikwama, ni nyembamba. Inatakiwa ipite ikiwa imeshikwa kidogo tu, kama ukurasa unaoufunua kwa kidole chenye unyevu. Akajaribu. Akalegeza skrubu nusu uzi, akakaza, akapima tena. Ulimi nje ya meno. Mara ya mwisho akanipa kipimo nipitishe mwenyewe, nami nikahisi ile shika ndogo niliyowafundisha wanafunzi wa miaka yote. Binamu yake wa Nairobi, mvulana wa miaka kumi na minne, akawasha. Injini ikashika mara moja. Yule mvulana alikuwa ameliona gari hili tangu azaliwe na hajawahi kuniuliza swali hata moja kulihusu. Siku ile aliuliza hadi giza likaingia, na kesho yake akaamka kabla yangu kwenda kupima oili.

Hapo nilielewa vizuri kitu nilichokuwa nakihisi tu. Gari la zamani linahitaji warithi kabla ya kuhitaji rangi. Kwa kawaida hapa Kenya huruhusiwi kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka minane, kwa hiyo haya ya kale tuliyo nayo ndiyo haya. Yakifa hayaji mengine. Na huwa hayafi kwa kukosa spea. Hufa mzee anapokufa, na waliobaki hawajui ufunguo wake unazungushwaje asubuhi ya baridi, basi linauzwa kwa chuma chakavu kabla ya arobaini.

Septemba tukarudi kwenye mji wa baridi, na binti yangu na watoto wake wakarudi Toronto. Maonyesho makubwa ya magari ya kale nchini kwetu ni Concours d'Elegance, ambayo hufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Yalianza mwaka 1970 na huandaliwa na chama cha wenye Alfa Romeo. Huingia magari na pikipiki, kuanzia Rolls-Royce hadi pikapu ya kazi, na waamuzi huangalia nje, ndani, injini, na hata chini ya gari. Ukiona muungwana wa kofia safi amelala chali kwenye majani akimulika difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, kwa tochi, usishangae.

Mimi, kijana wangu na yule mvulana tulilisafisha kwa majuma. Mchanga wa Diani ulikuwa umeingia mahali ambapo hata mswaki haufiki. Kwenye reli za viti tuliutoa kwa brashi ya rangi na kwa kupuliza, na vumbi jekundu la Tsavo lilikuwa nyuma ya taa. Chini tulipiga maji ya kasi, tukakausha, tukapaka mafuta ya kuzuia kutu. Bado hatukupiga rangi.

Siku yenyewe mwamuzi mmoja aliinama ubavuni, akagusa vidoa vya mawe chini ya mlango, akauliza vilitoka wapi. Mvulana akajibu kabla yangu: "Barabara ya Mombasa, mwezi uliopita." Mwamuzi akaandika, akafungua boneti, akauliza kama feni bado ni ya sumaku. Mvulana akamweleza kaboni ilivyo, inavyoshika, na ilishikia wapi njiani. Niliwaacha wazungumze, nikasimama kando. Hatukuchukua kikombe katika kundi letu. Kilikwenda kwa gari lililotunzwa kwa namna ya ajabu, na nilimpongeza mwenyewe kwa moyo wote, kwani najua jasho la kazi ile.

Lakini waliokuja kwetu walikuja kwa sababu nyingine. Kwenye magari ya kifahari watu walipiga picha wakapita. Kwenye Peugeot walisimama wakasimulia. Mama mmoja aliweka mkono juu ya kiti cha safu ya kati akasema alipelekwa arusini ndani ya gari kama hili, katikati ya shangazi wawili, kutoka Machakos hadi Kitui. Mzee mwingine alikuwa dereva wa Peugeot za abiria njia ya Kisumu. Aliomba kukaa kwenye usukani, akashika ile gia ya shinani, akaipeleka gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, macho kafumba, akitaja miji: Naivasha, Nakuru, Kericho, Ahero. Mvulana alimfungulia mlango na kumfungia kwa heshima. Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniuliza kama tunaweza kumwalika yule mzee aje atusimulie zaidi, na tumekwisha kuzungumza naye. Atakuja.

Yule wa Toronto aliyafuata yote kwa simu ya video, saa za kwao za usiku, na swali lake la kwanza lilikuwa kama kaboni bado inashika. Sasa tuna kundi la gari kwenye simu, na kila mtu ana kazi yake. Yeye anatafuta spea mtandaoni, na tayari amepata mtu Ufaransa mwenye mipira ya ngoma za breki za nyuma. Kijana wangu analiendesha kila Jumapili, walau hadi Limuru na kurudi. Mvulana anapima oili na maji, na anaandika kwenye daftari. Mimi nimeanza mipango ya kuibadilisha kadi ya umiliki iwe na jina la kijana wangu, wakati bado nina nguvu ya kwenda kupanga foleni mwenyewe. Shule zikifungwa Desemba tutashusha difu, maana sili yake ya mbele imeanza kutoa jasho, na nimemwambia mvulana kwamba safari hii yeye ndiye atakayelala chini nami nitampa spana.